Kijana Mmoja, Wadai Wengi

Fanya jaribio dogo. Muulize mtu aliyetazama Coach Carter miaka mingi iliyopita: ile mechi ya mwisho, Richmond walishinda? Mimi niliwauliza wenzangu wanne ofisini, na watatu wakajibu bila kusita kwamba walishinda. Hawakushinda. Wanafungwa sekunde za mwisho, Samuel L. Jackson anaongea na vijana wake chumbani, kisha maandishi yanatueleza nani alienda chuo gani.

Mara ya kwanza niliiona kwenye kibanda umiza cha mtaani kwetu hapa Dar es Salaam, tumebanana kwenye mabenchi, mtafsiri akitusimulia kwa mbwembwe zake. Mpira wa wapinzani ulipoingia, banda zima likazizima. Jamaa mmoja wa mbele akasimama, akadai filamu irudishwe nyuma, eti kuna kipande kimerukwa. Tulicheka, lakini nadhani yule jamaa alisema kilichokuwa mioyoni mwetu wote. Tulikuwa tumelipa kiingilio, tumeteseka na wale vijana saa mbili nzima, na sasa tulitaka chetu.

Nimemkumbuka wiki hii baada ya kutazama tena He Got Game ya Spike Lee, iliyotoka mwaka 1998. Hadithi yake unaijua: Jake Shuttlesworth, yaani Denzel Washington, yuko gerezani Attica kwa kumuua mkewe. Alimsukuma katika ugomvi, akaanguka na kujigonga kichwa. Gavana anampa wiki moja nje ya gereza ili amshawishi mwanawe, Jesus, asaini kuchezea chuo alichosoma gavana huyo. Akifanikiwa, huenda kifungo kikapunguzwa. Jesus anachezwa na Ray Allen, ambaye wakati ule alikuwa mchezaji wa kweli wa NBA, na unyamavu wake usio wa kiigizaji unamfaa sana kijana ambaye kila mtu anamsemea.

Sasa hesabu wanaomdai huyo kijana. Mjomba anataka gari na shukrani. Kocha wa shule anamletea noti. Wakala anamwonyesha utajiri, vyuo vinamtegea wasichana. Lala, mpenzi wake, naye ana mpango wake na wakala, na tuseme ukweli, hoja yake haina makosa: na yeye atabaki na nini Jesus akishaondoka Coney Island? Baba mzazi anakuja na deni kubwa kuliko yote, uhuru wake mwenyewe.

Watu wengi hupenda kusema kwamba hii ni filamu ya msamaha kati ya baba na mwana. Sikatai. Ila nikiwa mtu mzima naiona tofauti. Tunamsamehe Jake upesi mno, na tunamsamehe kwa sababu ni Denzel. Ana ile sura ya mtu aliyechoka, ana ule mwendo. Martha, mke aliyekufa, anapewa dakika chache za kumbukumbu, na mdogo wake Jesus, Mary, anakaribia kuwa pambo la nyumba. Spike Lee huwa mkali kwa wafanyabiashara wa mchezo, lakini kwa wanawake wa filamu hii hana muda. Halafu mwishoni Jake anarusha mpira juu ya ukuta wa gereza na unatua uwanjani alipo mwanawe. Ni picha nzuri, jamani. Lakini ni picha ya kutulipa sisi. Baba bado yuko ndani, ahadi ya gavana imeyeyuka, kijana amesaini chuo kilekile alichosukumiwa, na sisi tunatoka roho kwatu.

Ndiyo maana ukimaliza He Got Game unapaswa kutazama Hoop Dreams, hata kama ni dokumentari ndefu ya karibu saa tatu. Steve James na wenzake waliwafuata vijana wawili wa Chicago, William Gates na Arthur Agee, kwa takriban miaka mitano, na filamu ikatoka mwaka 1994. Wote wawili walichukuliwa na shule ya kulipia nje ya jiji, St. Joseph, alikosoma Isiah Thomas. William akapata mtu wa kumlipia. Arthur hakung'ara haraka kama walivyotarajia, wazazi wakashindwa karo, akaondoka katikati ya mwaka. Deni lile la karo likaendelea kumfuata hata alipohamia shule ya serikali.

Humu hakuna Denzel wa kutulainisha. Goti la William linaumia, anarudi uwanjani mapema, anaumia tena. Kaka yake Curtis, ambaye ndoto yake mwenyewe ilishakufa, anakaa jukwaani akimtazama mdogo wake kama mtu anayesubiri mshahara. Kuna mahali William anaeleza kwamba watu humwomba asiwasahau akifika NBA, naye anasema alipaswa kuwajibu kwamba wao ndio wasimsahau yeye asipofika. Hakufika. Arthur naye hakufika.

Na ushindi mkubwa kuliko wote katika filamu hiyo hautokei uwanjani. Sheila, mama yake Arthur, anahitimu kozi ya usaidizi wa uuguzi, akiwa wa kwanza darasani, katika ukumbi wenye watu wa kuhesabika. Yaani mwanawe hujaziwa ukumbi mzima wa mashabiki kila akicheza, na mama anafaulu mbele ya viti vitupu. Nilipoitazama nikiwa chuoni nilipeleka mbele kipande hicho. Nilikuwa nataka kujua mechi imeishaje.

Naandika haya kwa sababu nami nina la kujibu. Juni 2009 Hasheem Thabeet, kijana wetu aliyepitia Makongo, alichaguliwa wa pili katika drafti ya NBA, mbele ya James Harden na Stephen Curry. Pale hosteli tulipiga kelele kana kwamba tumechaguliwa sisi. Katika msimu wake wa kwanza tu akapelekwa kwa muda ligi ya chini, na kelele zetu zikageuka mizaha. Nilipoingia kwenye uandishi wa habari niliikuta mizaha hiyo chumba cha habari, nikaongezea ya kwangu, mmoja nikauchapisha. Mtoto wa Dar aliyeanza kikapu akiwa kijana wa sekondari, akacheza misimu mitano katika ligi ngumu kuliko zote duniani, nasi tukamwita aliyeshindwa. Alikuwa amekopa nini kwetu? Hakuna. Lakini tulimdai.

Ukiniuliza ipi ni filamu bora kati ya hizi mbili, nitasema Hoop Dreams, bila kupepesa macho. He Got Game ina muziki mzuri, ina Denzel, na ina ule mchuano wa baba na mwana usiku ambao sitauchoka. Inawataja wadai wote wa Jesus isipokuwa mmoja, yule aliyekaa gizani na tiketi mkononi. Hoop Dreams haimtaji pia, ila inamwacha bila malipo hadi ajihisi.

Jana niliitazama tena. Safari hii sikupeleka mbele kipande cha Sheila. Anapigiwa makofi na watu wachache, analia, na unaona wazi kwamba hakutegemea hata hao wachache.