Kwenye Ubavu wa Ng'ombe, Wembe Si Ule Ule

Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017, na Tanzania ikafuata tarehe 1 Juni 2019. Ng'ombe anayekula jalalani hajui habari hizo. Plastiki anayoimeza haiozi tumboni wala haicheuliwi. Hujisokota na kamba na nyasi ikawa bonge zito. Mnyama huanza kuacha malisho, akakonda huku tumbo limemjaa. Bonge likishafika hapo, dawa ya kunywesha haina kazi. Kinachobaki ni kulifungua tumbo la kwanza, lile kubwa la kucheulia, na kulitoa bonge kwa mkono.

Upasuaji huu hufanywa ng'ombe akiwa amesimama, amebanwa kati ya nguzo, ubavu wa kushoto umenyolewa, umesafishwa na kuchomwa ganzi. Ni darasa zuri la vyombo vya kukatia, kwa sababu njia ya kufika tumboni ina tabaka kadhaa, na kila tabaka lina chombo chake. Kanuni inayoziunganisha ni moja: tazama unachokikata, lakini chagua chombo kwa kufikiria kilicho chini yake.

Tuanze na ngozi. Mpini namba 3 wenye wembe namba 10 unatosha kwa paka na mbwa, lakini kwa ngozi nene ya ng'ombe ni mdogo. Hapa huchukuliwa mpini namba 4 na wembe namba 22, wenye tumbo pana. Wembe hupachikwa kwa kishika sindano, kamwe si kwa vidole vitupu, maana ni rahisi daktari kujikata anapoupachika au kuuchomoa. Kisu hushikwa kama upinde wa zeze: mpini umelala chini ya kiganja, kidole cha shahada kimeutuliza kwa juu. Kwa mshiko huo linalokata ni tumbo la wembe, si ncha yake. Mkono wa pili huivuta ngozi ikakaza. Mkato hushuka wima nyuma ya ubavu wa mwisho, sentimita 20 hivi au zaidi kidogo, kwa mvuto mmoja. Chini ya ngozi kuna misuli, kwa hiyo daktari ana ruhusa ya kuwa jasiri. Anayesugua kisu mbele na nyuma kama anayekata mkate huacha kingo zenye meno meno, na kingo za namna hiyo hupona kwa shida.

Misuli ni tabaka tatu, na nyuzi za kila moja zina mwelekeo wake. Hapa huingia mkasi wa Mayo, mzito na wenye ncha butu. Kidole gumba na cha pete huingia kwenye matundu, cha shahada hunyooka juu ya shina la mkasi kuuongoza. Mkasi wa Metzenbaum, mwembamba wenye shingo ndefu, ubaki mezani. Huo ni wa nyama laini, na anayeutumia kukatia nyuzi za kushonea anauua.

Kisha ujasiri unakoma. Mbele kuna utando mwembamba wa ndani, na nyuma yake tu limelala tumbo lenyewe. Daktari huubana kwa kibano, akauinua mbali na tumbo, akautoboa kidogo. Hewa huingia kwa mlio mfupi unaosikika, na utando na tumbo huachana. Tundu hilo hupanuliwa kwa mkasi, vidole viwili vikitangulia chini yake kama ngao. Atakayeteremsha wembe namba 22 hapa kwa mkono ule wa ngozini atalipasua tumbo kabla ya wakati, uchafu umwagike mahali pasipotakiwa kuwa na kijidudu hata kimoja.

Ndiyo maana tumbo halikatwi hapo hapo. Kwanza hushonewa kwenye kingo za ngozi, mlango wake ukabaki nje. Sasa kisu kinarudi, lakini mshiko umebadilika: kinashikwa kama kalamu, kinachomwa mara moja, makali yakiwa yameelekea nje. Gesi hutoka, mkasi wa Mayo hupanua tundu, na mkono huingia kutafuta plastiki.

Baada ya tumbo kushonwa na kuoshwa, kila chombo kilichogusa uchafu huwekwa kando, glavu zikavuliwa, na seti safi ikafunguliwa kwa ajili ya misuli na ngozi. Nyembe zilizotumika hutupwa kwenye kisanduku cha vitu vyenye makali. Kuzichemsha ili zitumike tena ni kuandaa kisu butu kwa ng'ombe wa kesho.

Mfugaji, ukimwona daktari anafungua seti ya pili katikati ya kazi, usidhani anakuongezea bili. Hapo ndipo anapomwokoa ng'ombe wako.