Haidemare

Fundi kijana amepiga magoti kando ya pikipiki, hapa Murara, mjini Goma, juu ya mawe meusi ya volkano. Mikono imelowa oili. "Papa, nimeregle fre," anamwambia mwenye chombo. "Ila moto yenyewe haidemare." Yaani breki amerekebisha, ila chombo hakiwaki.

Mwalimu angeyapigia mstari mwekundu maneno hayo. Mimi nayasikiliza kama mtu anayetazama nati ikikaa sawasawa kwenye bolti yake.

Itazameni hiyo haidemare. Mbele imesimama ha- ya kukana, ikafuata i-, inayojua vyema kwamba moto, yaani pikipiki, ni ya ngeli ya i-zi. Ndipo Kifaransa kinapokaribishwa kuketi. Kwa nini kinaishia na -e? Wafaransa huandika démarrer, démarré, démarrez, lakini masikioni vyote vitatu ni sauti moja. Sikio la Goma likachukua lilichosikia, likakifanya shina.

Na shina hilo halichezewi mkia. Anapenda ikikanushwa huwa hapendi; demare hubaki demare. Wapo watakaosema huo ni uvivu. Sikubali hata kidogo. Kusamehe, tuliyoipata kwa Waarabu, hufanya vivyo hivyo: anasamehe, hasamehe, nisamehe. Kijana huyu, ambaye huenda hajawahi kuiona bahari ya Hindi, anafuata kanuni ileile iliyofuatwa pwani zamani, tena bila kusitasita, huku anatafuta plagi.

Waitalia nao wana ustadi wao, ila wao hushona upande wa nyuma. Kitenzi cha Kiingereza kikiingia kwao, karibu kila mara huvishwa -are: cliccare, chattare. Kisha kila mtendaji hupewa mkia wake: clicco, clicchi, clicchiamo. Hiyo h imepachikwa makusudi, ili sauti ya k isipotee mbele ya i. Kazi safi, naipenda.

Mgeni kutoka Dar es Salaam huchaji simu, Murara tunaishaje, kutoka charger. Yeye kachukua kwenye Kiingereza, sisi kwenye Kifaransa, lakini Waingereza wenyewe neno hilo walilipata kutoka Kifaransa cha kale. Ndugu wawili wamekutana ukingoni mwa ziwa Kivu, kila mmoja na ku- yake kichwani.

Fundi amefuta plagi kwa kitambaa, kairudisha. Anakanyaga mara moja, mara mbili. Moshi.

"Imedemare, Papa!"