Upote Si Kamba Tu: Uhakiki wa Tafsiri Moja ya Maelezo ya Uta

Kijikaratasi tunachokihakiki hapa kina kurasa nne tu, na yumkini baadhi ya wasomaji wataona hakistahili nafasi katika jarida hili. Tulikabidhiwa na mwalimu mmoja wa Kilambo, karibu na kivuko cha Mto Ruvuma cha kwendea Msumbiji, ambako tulikuwa tumekwenda kwa kazi nyingine kabisa. Shule yake ilikuwa imepewa mata mawili ya michezo, ya aina ile ambayo ncha zake hupinda kuelekea mbele, mbali na mpigaji. Pamoja na mata hayo yalikuja maelezo yaliyofasiriwa kwa Kiswahili. Upote mmoja ulipokatika, mwalimu aliyafuata maelezo hayo neno kwa neno, akaagiza upote wa sentimita 173 kutoka Dar es Salaam kwa fedha zake mwenyewe. Ulipofika, ulining'inia kwenye uta kama kamba ya kuanikia nguo. Mwalimu akadhani ametapeliwa. Muuzaji hakuwa na kosa lolote. Alipimiwa sentimita 173 akapewa sentimita 173. Kosa lilikuwa katika ukurasa wa tatu.

Sentensi yenyewe ni hii: "Kwa upinde uliopindwa tena wenye kipimo cha sm 173, chagua kamba yenye kipimo hichohicho."

Kwa sarufi haina dosari. Hesabu pia ni sahihi, kwani inchi 68 ni sentimita 172.7, na mfasiri alifanya vema kukumbuka kwamba nchi yetu inatumia mita. Lakini ile 68 ya asili haikuwa urefu wa upote. Ilikuwa namba. Watengenezaji wa mata nchini Marekani, kupitia chama chao kilichojulikana kwa herufi AMO, walikubaliana kwamba uta uitwe kwa namba inayozidi kwa inchi 3 urefu wa upote wa kipimo unaoutosha. Wauzaji wengi wa mata ya ncha zilizopinda huhesabu inchi 4. Basi upote unaouzwa kwa jina la "68" ni upote wa kufaa uta namba 68, nao wenyewe, ukivutwa na kupimwa, una inchi 64 au 65, yaani sentimita 163 hadi 165. Mfasiri aliigeuza namba kuwa urefu, akaongeza sentimita 8 hadi 10 ambazo hazikuwamo.

Mswahili anaijua sana tofauti hii, ila haijaandikwa katika orodha zetu za istilahi. Anayekwenda dukani kununua kiatu namba 42 hatarajii kukipima akapata sentimita 42. Anayenunua msumari wa inchi 4 akaupima akapata inchi 3 atarudi dukani kugomba. Namba ya kwanza ni jina la daraja, ya pili ni kipimo halisi. Neno "kipimo", ambalo mfasiri amelitumia mara kumi na moja katika kurasa nne, linazibeba dhana zote mbili kwa pamoja, na hapo ndipo mwalimu alipopotezwa. Tunapendekeza "namba ya uta" kwa ile ya kwanza, na "urefu wa upote" kwa ile ya pili, tena kwa sharti kwamba namba isigeuzwe kamwe kuwa sentimita.

Tumekuwa tukiandika "upote" kana kwamba kila msomaji analijua neno hilo. Tunajua si hivyo. Ni neno la zamani, limo katika kamusi, na maana yake ni uzi wa uta, wingi wake pote. Mfasiri aliandika "kamba". Tulipokuwa Kilambo tuliwauliza wavuvi wa upande wa mlango wa mto kama wangeridhika na neno hilo. Mzee mmoja alicheka, akatujibu kwa swali: "Kamba ya nini, mwanangu?" Kwake yeye chomboni hakuna kitu kiitwacho kamba tu. Ya kupandishia foromali ni henza, ya kuongozea tanga ni demani, ya nanga ni amari. Ukisema "nipe kamba" wakati wa upepo mkali utakuwa umezama kabla hujaeleweka. Jina hufuata kazi. Upote nao una kazi yake: hukaa umekazwa kwa muda mrefu, hubeba mshtuko wa kila mshale, na haufai kurefuka ovyo. Wahadzabe wa bonde la Eyasi huutengeneza kwa kano za wanyama. Wa michezo hutengenezwa kwa nyuzi za viwandani, na zile za poliesta hurefuka zaidi kuliko aina mpya. Hatuoni sababu ya kukiita kitu hiki kwa jina linalokifanya ndugu wa kamba ya mbuzi.

Hata hivyo nasi hatuna usafi wa kujivunia. Tulipofungua jalada letu wenyewe tulikuta tumekwisha kumjibu mtu mmoja kwa barua kwamba neno ni "uzi wa upinde". Jibu hilo halikuwa la uongo, lakini lilikuwa la haraka.

Kuhusu "upinde uliopindwa tena" hatutasema mengi. Hakuna aliyeupinda mara ya pili. Ncha zake zimebinuka, kama mdomo unavyobinuka, na upote unapolegezwa hubinuka zaidi. "Uta wa ncha mbinuko" linatosha. Wala lisidhaniwe kuwa ni neno la anasa: mata ya aina hii ndiyo yaliyotumika katika Michezo ya Olimpiki tangu mchezo huo uliporejeshwa Munich mwaka 1972 hadi Paris mwaka 2024, na huko Rio mwaka 2016 bendera ya Kenya ilibebwa na mpiga mishale, Shehzana Anwar. Watangazaji wetu wa redio wanahitaji neno la kusema.

Dosari kubwa zaidi, kwa maoni yetu, ni kitu ambacho mfasiri amekiruka. Maelezo ya kuchagua upote hayakamiliki bila umbali ulioko kati ya upote na sehemu ya ndani kabisa ya mshikio, uta ukiwa umetiwa upote lakini haujavutwa. Kwa uta namba 68 umbali huo huwa kama sentimita 21.5 hadi 23. Huo ndio ushahidi wa kwamba upote umefaa. Ukiwa mrefu mno, umbali hupungua, upote humchapa mpigaji mkononi, na mshale hukaa kwenye upote muda mrefu zaidi, hivyo kila tetemeko la mkono huhamia kwenye mshale. Ukiwa mfupi mno, mikono ya uta huelemewa na mshale husukumwa kwa masafa mafupi. Tofauti ndogo hurekebishwa kwa kusokota upote ili ufupike, au kuufungua msokoto ili urefuke. Lakini hakuna msokoto utakaomeza sentimita 10. Mfasiri aliona istilahi haipo, akaifuta aya nzima. Tunamwelewa, kwani sote tumewahi kujaribiwa hivyo saa kumi ya jioni. Lakini laiti aya hiyo ingebaki, hata kwa maneno ya kuzungukazunguka, mwalimu angepima kwa rula na kugundua kosa la ukurasa wa tatu.

Pendekezo letu ni "mwanya wa upote". Wenzetu wawili ofisini wanapinga, wakidai kwamba mwanya ni wa meno na wa ukuta uliopasuka, nao wanataka "nafasi ya upote". Tunaona "nafasi" imekwisha kuchoka kwa kazi nyingi, lakini hoja yao ina uzito, hasa kwa msomaji wa bara. Walimu wa michezo na wafasiri wenye neno jingine, hususan lililomo vinywani mwa watengeneza mata, watuandikie kabla orodha haijapelekwa kusanifiwa. Mwalimu wa Kilambo tumemtumia maelezo yaliyosahihishwa, pamoja na upote wa sentimita 163.