Kibete au mgonjwa? Tuisome karatasi iliyokuja na wanyama wa mjomba

Mwezi Septemba mjomba wangu wa Katoro, broka wa dhahabu, alinitumia picha ya wanyama wawili ndani ya boksi. Alimnunulia binti yake, kwa bei ya mbuzi mzuri tu, akaambiwa hao ni "chinchila vibete" kutoka nje. Walikuja na karatasi ya kurasa mbili, kopi ya kopi, inayoeleza jinsi ya kuwatambua na kuwatunza. Ujumbe wake ulikuwa mfupi: "Mpwa wangu, wewe si ndiye unayesoma wanyama? Hebu niangalizie hii karatasi."

Hapa tumezoea kuchambua makala za majarida. Leo tuchambue hiyo karatasi, maana tuseme ukweli, wafugaji wengi wanaongozwa na karatasi za namna hiyo kuliko wanavyoongozwa na sisi.

Nianze na haki yake. Inasema banda liwe kavu, nyasi ziwepo muda wote, na mnyama apewe kipande cha mti cha kutafuna kwa sababu meno yake hayaachi kuota. Yote hayo ni kweli. Mwandishi wake si mjinga, na ndiyo maana makosa yake yanaaminika.

Sasa utambuzi. Karatasi inasema chinchila kibete utamjua kwa udogo, manyoya laini na kutokuwa na mkia. Ngoja kwanza! Chinchila ana mkia, tena mrefu wenye manyoya mengi, na masikio makubwa ya mviringo. Mfunue mdomo: meno yake ya mbele yakiwa mazima huwa na rangi ya chungwa. Asiye na mkia, mwenye meno meupe, vidole vinne mbele na vitatu nyuma, ni simbilisi. Wote wawili asili yao ni Amerika ya Kusini na ni ndugu wa mbali, lakini kumwita simbilisi chinchila ni kama kumwita mbuzi swala. Wa mjomba walikuwa simbilisi wachanga.

Kubadilishiwa jina tu ningesamehe. Kosa zito ni neno "kibete", ambalo karatasi inalitumia kama jina la aina, mfano tunavyosema kuku wa kienyeji. Kwa chinchila hakuna aina ya vibete. Mara chache sana huzaliwa mtoto asiyekua sawasawa, hata kwa wazazi wa kawaida, na mara nyingi ana matatizo mengine ya mwili. Mnyama mdogo anaweza kuwa mdogo kwa sababu bado ni mtoto, ana njaa, ana minyoo, anaumwa meno, au kweli ana udumavu wa kuzaliwa. Kwa kumtazama siku moja huwezi kujua ni lipi.

Angalia walivyofanya wenzetu wa Uganda. Mwaka 2015 watafiti walimwona twiga mfupi ajabu katika hifadhi ya Murchison Falls, hafiki mita 3, wakati twiga mzima kwa kawaida anapita mita 4. Hawakukimbilia kutangaza. Walimpima kwa picha za kidijitali, mfupa wa mguu kwa mfupa wa mguu, wakalinganisha na twiga wengine, wakafuatilia kama anaendelea kuishi na kukua. Taarifa yao ilichapishwa mwaka 2020. Ndivyo neno "kibete" linavyopatikana, kwa vipimo vinavyorudiwa. Na Geita jamani, mkoa ambao kila duka la dhahabu lina mizani inayosoma hadi sehemu ya gramu, nani atakosa cha kupimia? Simbilisi huzaliwa na gramu 60 hadi 100 hivi. Mzani wa dhahabu unamtosha kabisa, na akishakua mpeleke kwenye mzani wa dukani.

Halafu kuna sentensi iliyonifanya niweke simu chini. Karatasi inasema chinchila kibete kwa asili ni mvivu, hapendi kutembea, na akishikwa miguu hulia, kwa hiyo mwenye mnyama asiwe na wasiwasi.

Msomaji, hizo ni dalili za kiseyeye. Simbilisi, kama wewe na mimi, hana kimeng'enya cha mwisho cha kutengeneza vitamini C mwilini. Mwaka 1907 Axel Holst na Theodor Frølich, huko Norwei, waliwalisha simbilisi nafaka tupu wakitafuta ugonjwa mwingine kabisa, beriberi, kumbe wakapata kiseyeye. Viungo huvimba na kuuma, damu huvuja ndani, manyoya huwa mabovu, ukuaji husimama. Yaani mnyama mgonjwa anakuwa mdogo, mtulivu na mlegevu, kisha karatasi inamwambia mnunuzi kwamba hizo ndizo sifa alizolipia! Hatamtafuta daktari wa mifugo. Atafurahi kwamba mnyama wake hakui.

Kwetu jambo hili lina msimu. Kuanzia Juni hadi Oktoba Usukumani nyasi zinakauka, na karatasi inashauri pumba na majani makavu. Nyasi kavu ni nzuri kwa meno na tumbo, na wenye ngitili wanazo, ila jua limeshaondoa sehemu kubwa ya vitamini C. Nsansa nayo ni hivyo hivyo, tamu kwako lakini haimtoshi simbilisi. Anahitaji kibichi kila siku: matembele, mchicha, kipande cha hoho au pera. Mahitaji yake ni kama miligramu 10 hadi 30 kwa kila kilo ya uzito, na mwenye mimba ndiye wa kiwango cha juu. Vidonge vya duka la dawa vinaweza kusaidia, lakini usiviyeyushe kwenye maji ya kunywa ukayaacha siku nzima, nguvu inapotea. Na majani usikate karibu na karasha au mwalo. Pale kuna zebaki.

Je, kama wangekuwa chinchila wa kweli? Karatasi haina neno hata moja kuhusu joto. Chinchila ni mnyama wa milima ya Chile, mwenye manyoya 50 na zaidi kwenye tundu moja la ngozi. Mathias Chapman alipohamisha 11 kwenda California mwaka 1923, joto ndilo lilikuwa hofu yake kubwa. Wakizidi nyuzi 25 wanaanza kuwa hatarini. Shinyanga mchana wa Oktoba inapita 30. Chini ya bati hapo unamchoma tu.

Mwisho wa karatasi kuna ushauri wa kupandisha kibete kwa kibete "ili kuongeza mbegu". Hapo sina upole. Chinchila hubeba mimba siku 111 hivi na simbilisi zaidi ya siku 60, na watoto wao huzaliwa wakubwa, wana manyoya na macho wazi. Jike mwenye nyonga finyu anaweza kufia palepale.

Nilimwandikia mjomba usiku uleule. Yule aliyekuwa hatembei alikufa kabla ya siku ya nne. Wa pili alianza kula matembele, na mjomba anampima kila Jumamosi dukani kwake baada ya wateja kuondoka. Alianza na gramu 230. Juzi mzani umesoma 412. Binti amekataa kumbadilisha jina, bado anamwita Kibete.