Kifuko cha Huduma ya Kwanza kwa Mkazi wa Kolwezi
Barabara itokayo Kolwezi kupitia Likasi hata Lubumbashi, mwendo wa kilomita takriban 300, hupitisha malori yachukuayo shaba na kobalti, yakipishana na malori yaletayo asidi ya salfuriki ambayo kwayo madini hayo hutolewa katika mawe. Na ilikuwa katika njia hiyo, mwezi wa Februari 2019, ndipo lori la asidi lililokuwa likielekea mgodi wa Mutanda lilipopata ajali, wakafariki watu wasiopungua 18. Mtu aishiye baina ya barabara ya namna hiyo na vumbi la machimbo, akitaka kuchukua mfukoni zana za huduma ya kwanza, hana budi kutazama madhara ya nchi yake mwenyewe, kwani vifuko vilivyopangwa viwandani aghalabu hujaa plasta ndogo za kubandika vidoleni, na kidole kilichokatika kidogo chaweza kungoja.

Kifuko ninachokichambua ni cha turubai, chenye zipu, urefu wake sentimita 12, upana 9 na unene 3. Mkebe wa bati ulikataliwa kwa sababu humwumiza mtu pajani apandapo pikipiki, na kitu kinachomwudhi mwenyewe huachwa nyumbani. Mpango wa ndani ulifuata dakika: dhara liwezalo kuua upesi kuliko mengine ndilo lililopewa nafasi ya juu kabisa, mahali ambapo vidole hufika kwanza zipu ifunguliwapo, hata gizani.

Dhara hilo ni kuvuja damu. Mshipa mkubwa wa paja ukikatika, mtu mzima aweza kufariki katika dakika chache, ilhali gari la kumchukua halijapatikana. Kwa hiyo juu kabisa zimewekwa glovu za nitrili, ambazo hustahimili joto kuliko zile za mpira wa kawaida, na chini yake shashi safi iliyokunjwa pamoja na bandeji ya kuvutika. Kazi yenyewe ni nyepesi kuieleza na nzito kuitenda: shashi hushindiliwa ndani ya jeraha, kisha mikono miwili hukandamiza kwa uzito wa mwili wote, bila ya kuinuka kila mara kuchungulia kama damu imekoma, kwa maana kuchungulia huko ndiko kunakoling'oa donge lililoanza kuganda. Ikiwa jeraha ni la mkono au mguu, na damu haikusikia mkandamizo, hutumika kitambaa cha pembetatu, kilichokatwa katika shuka safi ya pamba, kikakunjwa kuwa ukanda wa upana usiopungua sentimita 4. Hufungwa sentimita kama 5 au 7 juu ya jeraha, pasiwe juu ya kiungo kikunjikacho, kisha husokotwa kwa kijiti kigumu mpaka damu ikatike. Kamba nyembamba au waya wa umeme, ambao ndio uonekanao upesi zaidi kando ya machimbo, hukata nyama na kuuacha mshipa ukivuja. Ukanda uliotengenezwa makusudi kwa kazi hii ni bora kuliko kitambaa, na mwenye uwezo wa kuupata naunue. Lakini kitambaa kina fadhila nyingine, kwani hicho hicho hubeba mkono uliovunjika na hufunika kichwa kilichopasuka.

Dhara la pili ni la macho. Kuanzia Mei mpaka Septemba, mvua zikiwa zimekatika, vumbi jekundu huruka barabara nzima, na kwa ajili yake vimetiwa vichupa viwili vya plastiki vya maji ya chumvi yaliyotakaswa, kila kimoja mililita 10, vya kutumiwa mara moja na kutupwa. Vichupa hivi visimdanganye mtu katika habari ya asidi. Asidi yataka maji mengi yanayotiririka, papo hapo, kwa muda usiopungua dakika 20, na nguo zilizolowa zivuliwe huku maji yakiendelea. Wala isijaribiwe kuuawa kwa magadi, kwani kukutana kwa vitu hivyo huzaa joto juu ya ngozi iliyokwisha kuungua. Maji ya kadiri hiyo hayaingii mfukoni, na ndiyo sababu asafiriye kwa gari katika njia ile yampasa kuwa na dumu la maji safi nyuma ya kiti chake.

Vilivyosalia ni vichache: pakiti moja ya chumvi ya kurudisha maji mwilini, ya kukorogwa katika lita moja, vidonge vya parasetamoli vikiwa katika karatasi yake yenye tarehe, plasta chache, mkasi mdogo. Dawa za kuua vijidudu za kumeza zimeachwa kwa daktari. Wala hakuna kilichotiwa kwa ajili ya kufukiwa na udongo, kama yalivyowapata wachimbaji wa mikono wasiopungua 40 katika shimo la mgodi uitwao KOV, hapo Kolwezi, mwezi wa Juni 2019, kwa kuwa hapo panatakiwa zana za kufukulia, na watu wengi.

Kitu cha mwisho ni kipande cha penseli pamoja na karatasi iliyokunjwa, ambayo juu yake huandikwa saa ukanda ulipokazwa. Karatasi hiyo hubanwa katika nguo ya majeruhi, pale ambapo mganga atakayempokea ataiona kabla ya kuufungua ukanda, kwa kuwa hesabu yake ya kuukata au kuuokoa mguu ule huanzia katika saa hiyo.