Tadbiri ya Paleti Zilizokwisha Kazi

Nyuma ya bohari nyingi za wauza vigae na vifaa vya ujenzi mjini Mombasa, ambako shehena hushushwa kutoka makontena yaliyopitia bandari ya Kilindini, paleti za mbao hurundikana hata zikaziba njia, na mwenye mali, kwa kuziona ni taka, aghalabu humwachia mpita njia yeyote azichukue akapikie. Bohari moja niliyoichunguza imefuata mwendo mwingine, na kauli yangu ni kwamba fanaka yake haikutokana na ustadi wa seremala, bali na ukaguzi uliotangulia nyundo na msumeno.

Jambo la kwanza lilikuwa kusoma chapa. Kwa mujibu wa kanuni iitwayo ISPM 15, iliyopitishwa mwaka 2002 chini ya Mkataba wa Kimataifa wa Kulinda Mimea, mbao ghafi za kufungia shehena hazina ruhusa ya kuvuka mipaka mpaka zitibiwe, kwa kuwa ndani ya mbao mbichi husafiri wadudu watobozi, mathalan yule mdudu wa Asia mwenye papasi ndefu aliyegunduliwa New York mwaka 1996 akiangamiza miti iliyo hai. Chapa hiyo huonyesha herufi mbili za nchi, nambari ya mtengenezaji, na namna ya tiba: HT maana yake ni kwamba ubao ulipashwa moto hata kiini chake kikafikia nyuzi 56 za Selsiasi kwa dakika 30 mfululizo, MB maana yake ni kwamba ulifukizwa kwa methili bromaidi, gesi yenye sumu na yenye kudhuru tabaka la ozoni.

Walakini chapa husimulia tiba tu, wala haisemi ni kitu gani kilichopakiwa baadaye; kwa hiyo kila paleti ilitazamwa madoa na kunuswa, na yenye dalili ya mafuta au kemikali ikatengwa papo hapo. Zile zenye rangi na jina la kampuni ya kukodisha ziliwekwa kando pia, maadamu hizo ni amana ya mwenyewe, na kuziuza ni dhuluma.

Paleti nzima za vipimo vya kawaida, yaani milimita 1200 kwa 1000 au 1200 kwa 800, ziliuzwa kama zilivyo, kwani hakuna faida ipitayo ile ya kitu kuendelea na kazi kiliyoundiwa. Zilizovunjika ubao mmoja au wawili zilikarabatiwa. Na hapa ikumbukwe kwamba paleti itakayorudi safari ya ng'ambo sharti itiwe mbao zilizotibiwa na kupigwa chapa, la sivyo huenda ikazuiliwa bandarini pamoja na mzigo wake.

Kuzifumua zilizosalia ndiko kulikohitaji subira. Misumari ya paleti aghalabu imesokotwa au ina mikato ya pete, na mwenye kuing'oa kwa mtaimbo huupasua ubao nchani. Kwa hiyo fundi alipenyeza msumeno wa chuma baina ya ubao na mhimili, akaukata msumari, ubao ukatoka mzima. Kisha alipitisha sumaku juu ya kila ubao kabla ya randa, kwa sababu kipande kimoja cha chuma kilichojificha chatosha kuharibu makali. Mbao nyembamba za juu zikawa rafu za bidhaa nyepesi, na mihimili ikawa miguu ya meza za kufungashia.

Vipande vya HT vilivyo safi vilitolewa kuwa kuni. Lakini vya MB, vyenye madoa, na visivyo na chapa havikuruhusiwa jikoni, wala kufanywa vitanda vya watoto au vyombo vya chakula, bali vilikabidhiwa wabebaji taka wenye leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya.

Nawasihi wenye bohari wamweke mtu mmoja wa kukagua na kutenga paleti siku ile ile zinaposhushwa, kabla mvua na mchwa hawajazitia mkono, na wasimpe jirani kuni ambazo hawakuzisoma chapa yake.