Juu ya Pearson, Kompani ya Vitabu vya Shule: Majina Yake na Kazi Yake

Wasomaji wetu wengi, wapadri na walimu, wamekwisha kushika mikononi kitabu cha kujifunza Kiingereza chenye jina la Longman. Ni wachache wanaojua kama jina hilo ni la mtu, Thomas Longman, aliyenunua duka la vitabu kule London mwaka 1724, na kama duka lile sasa ni chumba kimoja tu ndani ya nyumba kubwa inayoitwa Pearson. Kila mwaka Pearson hutoa raporo ndefu kwa wenye hisa, ni kusema watu walioweka fedha zao ndani ya kompani. Tunataka kuzichunguza raporo hizo sawa vile mtu anavyochunguza kitabu. Zimeandikwa vizuri, na ndani yake mna fundisho zima juu ya shule, lakini fundisho lenyewe halisemwi wazi.

Pearson haikuanza na vitabu. Mwaka 1844 Samuel Pearson alianza kazi ya kujenga katika Yorkshire, Uingereza. Mjukuu wake, Weetman Pearson, aliikuza kupita kipimo: alichimba njia chini ya mto Thames kule Blackwall, iliyofunguliwa mwaka 1897, akatafuta petroli katika Mexico, akaipata nyingi, na mwaka 1919 kompani yake ya petroli ikapita mikononi mwa Shell. Vitabu na magazeti vilifuata nyuma sana: gazeti Financial Times mwaka 1957, Longman mwaka 1968, Penguin mwaka 1970. Kati ya mali ya Pearson palikuwa hata nyumba ya Madame Tussaud yenye sanamu za nta, na shamba la mizabibu la Château Latour katika Ufaransa. (Hatulaumu divai, wasomaji wetu hawangekubali.) Mwaka 1998 Pearson ilinunua sehemu ya vitabu vya shule ya kompani Simon & Schuster ya Marekani, kwa dola bilioni 4.6. Kisha ikaanza kuuza mengine yote. Financial Times iliuzwa kwa Nikkei ya Japani mwaka 2015, kwa pauni milioni 844, na hisa za mwisho za Penguin zilikwenda mwaka 2020. Shule peke yake ikabaki.

Raporo zinasimulia mambo haya kama mwito. Tunaijua namna hiyo ya kusimulia, sisi tuliosoma maisha ya watakatifu mezani kila siku: mwandishi anajua mwisho, basi kila jambo la mwanzo analigeuza kuwa alama. Mtu aliacha petroli, akaacha mizabibu, akaacha gazeti, apate kufuata jambo moja. Lakini watakatifu waliacha mali zao bure. Pearson iliuza kila kitu kwa bei, nayo haki yake ni kuuza. Ila mfanya biashara anayepanga upya duka lake asivikwe kanzu ya mtawa.

Tuje sasa kwa mpango wa kazi, maana hapo ndipo maneno yanapofunua zaidi. Tangu mwaka 2014 kompani iligawanywa kwa sehemu tatu: Amerika ya Kaskazini, Kiini, na Ukuaji. Katika Kiini zilikuwamo Uingereza, Australia na Italia; katika Ukuaji, Brazili, China, India na Afrika Kusini. Ukisoma haraka unafikiri ni maneno ya shule, kwani mtoto naye anakua. Sivyo. Kinachokua ni uchuzi. Mtoto wa Johannesburg aliwekwa katika Ukuaji, na mtoto wa Milano katika Kiini, si kwa ajili ya umri wala akili yao, bali kwa ajili ya hali ya soko nyumbani kwao. Basi soko lilipogeuka, majina hayakumlinda mtu. Mwaka 2022 vitabu vya shule vya Italia na vya Ujerumani viliuzwa kwa Sanoma ya Ufini. Vya Afrika Kusini vilikwenda kwa kompani Novus ya kule kule. Kiini kiliuzwa, na Ukuaji vilevile.

Mwaka 2021 mkubwa mpya, Andy Bird, aliyetoka katika kompani ya sinema Disney, alileta mgawanyo mwingine wa sehemu tano: mitihani na vyeti, masomo ya mbali, masomo ya Kiingereza, masomo ya juu, na ufundi wa wafanyakazi. Tunakiri kama mgawanyo huu una ukweli zaidi kuliko ule wa kwanza, kwa sababu unataja kazi yenyewe. Lakini soma sehemu hizo tano mara mbili: hamna hesabu, hamna historia, hamna dini, hamna mwalimu. Na wakati ule ule neno moja liliingia kwa nguvu katika raporo, neno la mnunuzi wa mwisho, yule anayetumia kitu kwa fedha yake mwenyewe. Mwanafunzi amepewa jina la dukani.

Hesabu za mwaka 2023 zinaonyesha nyumba inasimama juu ya mguu gani. Mapato yote yalikuwa karibu pauni bilioni 3.67. Mitihani na vyeti ilileta zaidi ya bilioni 1.5, na masomo ya juu, ni kusema zaidi vitabu vya wanafunzi wa universite, hayakufika bilioni 0.9. Kompani tunayoiita ya vitabu ni kwanza kompani ya mitihani. Waguzi wa wagonjwa katika Marekani hupimwa katika vyumba vyake kabla ya kupewa ruhusa ya kazi. Kule Uingereza yeye ndiye mwenye Edexcel, moja ya mashirika makubwa yanayotunga mitihani ya shule za sekondari. Wenzake wakubwa ni AQA, shirika lisilotafuta faida, na OCR, lililo chini ya Universite ya Cambridge. Pearson kati yao hutafuta faida kwa wenye hisa. Tena huuza vitabu vya kutayarisha mitihani ile ile.

Raporo zinaliita jambo hili umoja, na zinalisifu. Hatuwezi kulisifu. Katika seminari profesa mmoja huandika masomo na kuuliza maswali, ni kweli. Lakini profesa anawajua wafratri wake kwa majina, na akikosa kwa upande mmoja, wao watamwambia, au rekta atamwambia. Mwenye kutunga swali kwa ajili ya watoto elfu mia ana uwezo mkubwa juu ya kile watakachofundishwa, kupita hata mwandishi wa programu ya Serikali, kwani mwalimu mwenye woga hufundisha swali. Uwezo huo ukiunganika na faida ya kitabu, nani atakayesema kama kitabu ni kibaya? Kwetu Kongo, tangu mwaka 1967, mtihani wa Leta ni wa Leta. Una shida zake, na kila mzazi anazijua. Lakini raia anaweza kudai hesabu kwa minisita wake.

Tusiwe bila haki. Mwaka 2013 Pearson ilisema kama itatoa hesabu juu ya matunda ya kazi yake kwa wanafunzi sawa inavyotoa hesabu za fedha, na mwaka 2018 ilitoa raporo za kwanza, zilizochunguzwa na wakaguzi wa fedha, PricewaterhouseCoopers. Wachache katika biashara hii walithubutu hivyo, na shule zetu nyingi hazijathubutu hata leo. Sisi tunaona mpaka wake tu: mkaguzi wa fedha anaweza kusema kama hesabu imefanywa vizuri, hawezi kusema kama kitu kilichohesabiwa ndicho elimu.

Zaidi sana tungetaka wasomaji wetu waangalie jambo la kukodisha. Mwaka 2019 Pearson ilitangaza kama vitabu vyake 1,500 vya universite katika Marekani vitatoka kwanza kwa njia ya kompyuta, na mwaka 2021 ikafungua Pearson+, ambamo mwanafunzi alilipa dola 9.99 kwa mwezi kwa kitabu kimoja, ao 14.99 kwa vyote. Kwa mtu aliyezoea kununua kitabu kimoja kwa dola mia na zaidi, ni nafuu, hatukatai. Lakini kitabu cha namna hiyo hakibaki nyumbani. Wakubwa wa kompani hawakuficha kama biashara ya vitabu vilivyokwisha kutumika ilikuwa ikiwanyima fedha. Kwetu kitabu kilichokwisha kutumika ndicho kitabu. Mkubwa hukipa mdogo, mdogo hukipa mtoto wa shangazi, kisha kinafika kwa katekista wa kijiji, bila jalada, na bado kinafundisha. Hakuna raporo ya London inayoweza kukihesabu kitabu kile, maana baada ya mkono wa kwanza hakimletei mtu faida.

Jambo la mwisho ni mwalimu. Mwaka 2012 Pearson ilianza mfuko wa dola milioni 15 kwa ajili ya shule za bei ndogo katika nchi maskini, na fedha zake ziliingia vilevile katika Bridge, kompani ya shule iliyoanza Nairobi mwaka 2009. Humo mwalimu alisoma somo katika kioo cha mkononi, neno kwa neno, lilivyoandikwa na watu wa mbali. Mwaka 2016 Serikali ya Uganda iliamuru shule za Bridge zifungwe, na mahakama ikakubali. Hatusemi kama watoto wale hawakujifunza kitu. Wazazi walilipa kwa sababu shule ya Leta ilikuwa mbaya zaidi ao mbali zaidi. Lakini Mtaguso wa Vatikano wa Pili, katika tangazo lake la mwaka 1965 juu ya malezi, ulisema juu ya kazi ya mwalimu kama mwito unaotaka moyo na akili. Mwito hausomwi katika kioo. Na sisi, ambao tangu mapatano ya mwaka 1977 tunaendesha shule nyingi pamoja na Leta, tunalipa walimu vibaya, kisha tunashangaa mtu mwingine akifikiri kama wanaweza kugeuzwa wasomaji.

Kuna kitu kimoja ndani ya nyumba hii tunachokipenda bila neno la pili. Mwaka 1978 Longman ilitoa kamusi ya Kiingereza kwa ajili ya wageni, ambamo kila neno linaelezwa kwa maneno kama 2,000 tu, yale ambayo mwanafunzi amekwisha kuyajua. Watu waliketi miaka wakitafuta kueleza neno gumu kwa neno jepesi, kazi ambayo kila katekista anaijua uzito wake. Katika mgawanyo wa sehemu tano kamusi ile imo ndani ya masomo ya Kiingereza, pamoja na mitihani na ada za kila mwezi, na watu wake hawana mstari wao.